MLB.TV ukiwa Dar: nzuri kwa kuwaona chipukizi, dhaifu kwa habari za majeruhi

Kabla hujatoa dola zako, jiulize unafuatilia nini. Kama shauku yako ni kuwaona warushaji chipukizi, yaani vijana wanaomtupia mpigaji mpira, wakijaribiwa mwezi wa pili na wa tatu, kabla ligi kuu ya besiboli ya Marekani (MLB) haijaanza, MLB.TV, huduma ya ligi hiyo ya kutazama mechi mtandaoni, inastahili hela yake hata kwa mtu wa Temeke anayetegemea bando. Kama unachotaka ni kujua nani ameumia, anarudi lini na kiwiko chake kina tatizo gani, usilipe. Hayo yanapatikana bure, na video mara nyingi haiwezi kukuonyesha.

Tunapima kipindi kimoja tu: mazoezi ya kabla ya msimu, tangu warushaji na wadakaji wanaporipoti kambini katikati ya Februari hadi mechi rasmi zinapokaribia mwishoni mwa Machi. Timu 15 hupiga kambi Arizona na 15 Florida. Msimu wenyewe una hesabu nyingine, kwa sababu mechi za usiku za pwani ya mashariki huanza kama saa 8 usiku kwetu, na za Los Angeles hukaribia adhana ya alfajiri. Wiki hizi chache ndizo mtu wa Dar anaweza kutazama besiboli nyingi na bado akaamka kuwahi daladala.

Tuanze na saa, maana hapo ndipo wengi hupotea. Arizona hawasogezi saa zao mwaka mzima, hivyo tofauti na sisi ni saa 10 siku zote: mechi ya saa 7:05 mchana kwao inaanza saa 5:05 usiku kwetu. Florida husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi. Kabla ya siku hiyo tunapishana saa 8, na mechi ya saa 7:05 mchana tunaipata saa 3:05 usiku. Baada yake tunaipata saa 2:05, muda wa taarifa ya habari. Simu yako ikiwa kwenye majira ya Afrika Mashariki, programu inakupangia yenyewe, ila inaandika kwa saa za kizungu. 23:05 ni saa 5:05 usiku. Usije ukaenda kulala ukidhani mechi imekwisha. Mwaka 2025 na 2026 kipindi hiki kiliangukia Ramadhani, na baada ya Florida kusogeza saa, iningi za kwanza (mechi ina vipindi tisa viitwavyo iningi) ziligongana na tarawehe. Waliochagua Arizona walikuwa na raha zaidi: mechi inakwisha, unapumzika kidogo, daku hilo.

Sasa intaneti. Video ya megabiti 3 kwa sekunde, ambayo kwenye skrini ya simu inatosha kuona mpira ukijikunja, inakula GB 1.35 kwa saa. Megabiti 6, inayofaa runinga kubwa, inakula GB 2.7. Mechi ikienda saa mbili na nusu, ya kwanza itakumalizia GB 3.4 hivi na ya pili GB 6.75. Mwenye faiba nyumbani hana la kuhofia. Mwenye bando atazame kwenye simu, asirushe kwenye runinga, kwa kuwa huduma hupandisha ubora yenyewe kadiri inavyopata nafasi na haikuulizi salio limebaki kiasi gani.

Kuna jambo la ubora ambalo wapenzi wa mpira wa miguu hawalijui. Mpira wa maili 95 kwa saa unachukua takriban sehemu nne za kumi za sekunde kutoka mkononi mwa mrushaji hadi kwa mpigaji. Kwa picha 60 kwa sekunde unapata kama picha 24 za safari hiyo; mtandao ukilegea na picha zikashuka hadi 30, unabaki na 12. Gori la Simba na Yanga likikwama kidogo bado umeliona. Slaida, yaani mpira unaopinda pembeni ukikaribia mpigaji, ikikwama, unachoona ni mpira uliotoka mkononi na mpira uliofika glavu, na katikati hakuna kitu. Usimhukumu kijana yeyote kwa video inayokatakata. Afadhali usubiri marudio asubuhi, mtandao ukiwa mwepesi.

Wanaonunua bando la usiku wasome saa zake. Mengi huanza saa 6 usiku. Mechi ya Arizona ikianza saa 5:05, ile saa ya kwanza inakatwa kwenye bando la kawaida, na ndiyo saa ambayo mrushaji mkubwa wa kuanzia anatupa mipira yake yote ya siku. Habari njema ni kwamba chipukizi huja baadaye. Kocha huwatoa nyota kuanzia iningi ya nne au ya tano, na kuanzia ya sita hadi ya tisa unaona vijana wenye namba za jezi kama 78 na 94, wengi wao hata hawamo kwenye orodha ya wachezaji 40, ile ambayo timu huchagulia wachezaji wake wa ligi kuu. Kwa shabiki wa chipukizi, bando la usiku na nusu ya pili ya mechi za Arizona ni mchanganyiko wa bei rahisi kuliko wote.

Kulipa kwenyewe hakuna ugumu. Mwaka 2025 bei iliyotangazwa ilikuwa dola 149.99 kwa mwaka au 29.99 kwa mwezi. Ukihesabu dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni karibu shilingi 375,000 dhidi ya 75,000, na juu yake kuna makato ya benki ya kubadilisha fedha. Kadi pepe ya Visa au Mastercard inatosha, mradi uweke salio lililozidi bei kidogo, kwa sababu kiwango cha kubadilisha fedha kinaweza kusogea kati ya ulipoangalia na ulipobonyeza. Mechi za mazoezi huchezwa kama mwezi mmoja na siku kadhaa. Malipo ya mwezi mmoja, yakianzia wiki ya mwisho ya Februari, yanafunika karibu zote zenye maana, kwa sababu zile siku za mwanzo kabisa warushaji wakubwa hawajaingia uwanjani au wanatupa iningi moja tu. Usajili wa mwaka ni wa yule atakayeendelea hadi Oktoba. Vile vizuizi vya kufungiwa mechi za timu ya nyumbani, ambavyo Wamarekani huvilalamikia kila mwaka, vinawabana wakazi wa Marekani na Kanada. Hapa Dar huhitaji ujanja wa kujifanya uko nchi nyingine.

Kama unataka kujaribu kwanza, fungua akaunti ya kawaida bila kulipa. MLB hutoa baadhi ya mechi bure kwa wenye akaunti. Zitumie kupima intaneti ya mtaani kwako saa ileile utakayokuwa unatazama, kwa kuwa mnara wa Sinza saa 3 usiku si mnara uleule wa saa 8.

Ndani ya huduma, kitu bora kabisa ni marudio. Mechi nzima inabaki, na unaweza kuruka moja kwa moja hadi iningi unayoitaka. Kumwangalia mrushaji mmoja mwenye iningi mbili kunakuchukua dakika 20 na chini ya nusu GB. Kuna pia mechi zilizofupishwa, ila kwa kazi hii hazifai. Wafupishaji hubakiza mipira iliyopigwa na kuondoa ile ambayo mpigaji aliiacha ipite, wakati anayemsoma chipukizi anahitaji hasa ile iliyoachwa: je, alikosa eneo halali la kutupia kwa sentimita tano au kwa nusu mita? Alikosa upande mmoja kila mara, au ovyo? Kukosa upande mmoja ni suala la kurekebishwa na kocha. Kukosa ovyo ni suala la miaka.

Anayelipia MLB.TV anapata pia mechi za ligi ndogo, zile za kukuzia wachezaji wa timu za ligi kuu, na hapa ndipo thamani ilipo. Machi unamwona kijana kwa iningi moja, Aprili anashushwa ligi ndogo, na ungeweza kumpoteza kabisa. Kwa usajili huohuo unamfuata huko. Tangu Machi 2024 pia kuna mechi maalumu za Spring Breakout, ambapo kila timu inapanga chipukizi wake tupu dhidi ya chipukizi wa timu nyingine. Paul Skenes wa Pittsburgh, aliyechaguliwa wa kwanza timu zilipogawana wachezaji wapya Julai 2023, alitupa kwenye toleo hilo la kwanza. Mei 11, 2024 akawa ligi kuu, na mwaka huohuo akawa mchezaji mpya bora wa National League, moja ya nusu mbili za ligi kuu. Ukiwa na nafasi ya kutazama mechi mbili tu Machi nzima, ziwe hizo.

Matokeo ya mechi za mazoezi usiyajali. Ni kama mechi ya Simba Day au Wiki ya Mwananchi: uwanja umejaa, shangwe ipo, lakini hakuna pointi. Mrushaji anaweza kutumwa kutupa mpira wa kupunguza kasi mara 12 mfululizo kwa sababu ndio anaoujenga, akafungwa mikimbio mitano (ndiyo mabao ya besiboli), na kocha akafurahi. Tazama kasi, tazama eneo, tazama kama iningi ya pili inafanana na ya kwanza. Watathmini wa vipaji hutumia kipimo cha 20 hadi 80, ambapo 50 ni wastani wa ligi kuu. Ukisoma kwamba slaida ya kijana ni 60, maana yake iko juu ya wastani wa watu wazima, si wa rika lake.

Mrushaji wa kuanzia huongezewa idadi ya mipira kidogo kidogo, kwa vipimo. Mara ya kwanza iningi moja au mbili, mipira 20 hadi 30. Siku tano au sita baadaye anaongezwa, kama mipira 45, kisha 60, kisha 75, hadi akaribie 90 kabla ya mechi rasmi. Mpangilio huu ndio chombo chako cha kwanza cha kunusa majeraha, na hauhitaji video. Mrushaji aliyetupa mipira 45 akaruka zamu yake bila maelezo, hapo pana jambo. Wakisema amehamishiwa uwanja wa nyuma kutupa dhidi ya wenzake, inaweza kuwa mpango wa kawaida, au kumficha. Subiri siku tano nyingine uone kama anarudi na mipira mingi zaidi au michache.

Udhaifu mkubwa wa MLB.TV kwa mfuatiliaji wa majeruhi unaanzia hapohapo. Viwanja vya nyuma havina kamera zake, na si kila mechi ya mazoezi inarushwa. Nyingine zina redio pekee, nyingine hata redio hazina, na zinazorushwa mara nyingi ni picha za upande wa timu mwenyeji tu, kamera zikiwa chache. Watangazaji wa timu ni watu wa timu. Daktari akitoka uwanjani watazungumzia hali ya hewa.

Hata kamera ikiwepo, kiwiko hakisemi. Gerrit Cole wa New York Yankees alitupa dhidi ya Minnesota Machi 6, 2025. Aliyetazama aliona siku mbaya: hakumaliza iningi tatu na mipira miwili ilivuka uzio. Maumivu makali yalikuja baada ya mechi, na Machi 11 akafanyiwa upasuaji wa kano ya ndani ya kiwiko. Andrew Painter wa Philadelphia, aliyekuwa miongoni mwa chipukizi waliotajwa zaidi, alitupa iningi mbili Machi 1, 2023, kiwiko kikaanza kuuma, wakajaribu kumpumzisha, na Julai wakalazimika kumpasua. Alirudi kwenye mechi za mashindano mwishoni mwa 2024, Arizona. Ukirudia video ya siku ile hutaona kilichokuja.

Upasuaji huo unaitwa Tommy John, jina la mrushaji wa Dodgers aliyefanyiwa kwa mara ya kwanza na Dk. Frank Jobe mwaka 1974. Wanachukua mshipi wa tishu kutoka sehemu nyingine ya mwili na kuupitisha mahali pa kano iliyochanika. Kurudi huchukua miezi 12 hadi 18. Siku hizi kuna njia ya kuiimarisha kano kwa utepe maalumu pale ambapo haikuharibika yote, na hiyo wakati mwingine humrudisha mtu mapema.

Chanzo chake kinafahamika vya kutosha. Ripoti ya MLB ya Desemba 2024 ilisema wazi kwamba warushaji wanasaka kasi na mzunguko wa mpira, na kutupa kwa nguvu zote kila mara. Wastani wa mpira wa kasi ulipanda kutoka maili 91.3 kwa saa mwaka 2008 hadi 94.2 mwaka 2024, na mara ambazo warushaji waliingizwa kwenye orodha ya majeruhi zilitoka 212 mwaka 2005 hadi 485 mwaka 2024. Ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba majeraha huongezeka hasa wakati wa mazoezi ya kabla ya msimu, kwa sababu vijana hufika kambini wakiwa tayari wametupa kwa nguvu kipindi chote cha mapumziko. Wanakuja kuonekana, hawaji kujiandaa.

Kwa hiyo majeruhi yafuatilie kwa vitu vya bure. Kwanza Gameday, ndani ya programu ileile, inayoonyesha kila mpira ulivyotupwa na kasi yake pale uwanja unapokuwa na vipimo, kwa data kidogo sana. Pili Baseball Savant, tovuti ya takwimu ya MLB, ambako unalinganisha kasi ya leo na ya msimu uliopita. Kushuka kwa maili moja Februari si kitu, mkono bado haujapata moto. Maili mbili au tatu ikiwa Machi 20, au kushuka ghafla katikati ya iningi, ni dalili ya kufungua macho, hasa ikiambatana na mkono kuachia mpira chini kuliko kawaida. Tatu, taarifa za timu zenyewe, ukizisoma kwa akili. "Uchovu wa mkono" huweza kuwa wiki mbili. Wakisema kigasha kimekaza, yaani pale kati ya kiwiko na kiganja, shika pumzi: misuli ya hapo ndiyo inayoisaidia kano ya kiwiko, na mara nyingi hulalamika kabla yake. Misuli ya ubavuni huponya kwa wiki kadhaa lakini ina tabia ya kurudi kwa mwenye haraka. Msuli mpana wa mgongo chini ya kwapa unaweza kuchukua miezi. Luis Gil wa Yankees aliumia hapo mwishoni mwa Februari 2025 akarudi Agosti.

Orodha ya majeruhi yenyewe ina lugha yake. Mrushaji huwekwa kwa siku 15 au 60. Siku 10 ni za wachezaji wengine. Timu inaruhusiwa kurudisha tarehe nyuma hadi siku tatu, kwa hiyo usianze kuhesabu kuanzia siku ya tangazo. Akiwekwa siku 60 nafasi yake kwenye orodha ya wachezaji 40 inafunguka, na hapo mara nyingi ndipo chipukizi uliyemwona iningi ya nane saa 7 usiku anapopata mkataba wa ligi kuu. Ukitaka kujua nani atapanda, soma majeruhi kwanza.

Kifurushi cha sauti pekee, ambacho huuzwa kando kwa sehemu ndogo ya bei ya video, ni chaguo ambalo watu wa bando hulidharau bure. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula kama MB 29 kwa saa. Mechi nzima haifiki MB 80. Watangazaji wa redio hulazimika kukueleza mkono ulivyo, uso ulivyo, nani ametoka benchi. Redio pamoja na Gameday inakupa karibu kila kitu isipokuwa umbo la mpira wenyewe hewani. Umeme ukikatika pia, simu inaendelea.

Neno kwa wanaofundisha vijana pale uwanja wa Azania na shule nyingine za jijini: msiwaonyeshe wanafunzi video hizi bila kuwaeleza hesabu ya mipira. Kijana akimwona mtu wa maili 100, kesho atataka kuvunja ukuta. Mwongozo wa Pitch Smart wa MLB uko bure mtandaoni, na kwa umri wa miaka 15 na 16 unaweka kikomo cha mipira 95 kwa siku. Akitupa 31 hadi 45 apumzike siku moja. 46 hadi 60, siku mbili. 61 hadi 75, siku tatu. 76 na kuendelea, siku nne. Kwa miaka 11 na 12 kikomo ni 85. Daftari na kalamu vinatosha.

Ukiamua kulipa, fanya hivi. Lipa mwezi mmoja, siku hiyohiyo ingia kwenye akaunti uzime malipo ya kujirudia, na uhakikishe tarehe ya mwisho bado inaonekana kwenye ukurasa wa usajili. Kadi pepe ibaki bila salio hadi utakapoihitaji tena. Kisha fungua ratiba ya Spring Breakout kwanza, weka kengele kwenye simu kwa saa zetu, na mechi nyingine zote ziangalie kwa marudio asubuhi, kuanzia iningi ya sita.